Mwalimu na Pipa la Tangawizi

Kabla Mwalimu hajakusalimu, alikunusa. Alikuwa akisimama mlangoni mwa duka langu, anavuta hewa kidogo, kisha ndipo anasema habari za asubuhi, Bwana. Mwanzo nilidhani ana mafua yasiyopona. Baadaye nikajua kwamba pua ile ilifanya kazi kuliko macho ya watu wengi. Aliwahi kuniambia kwamba maziwa ya chai yangu yamelala, nami nimekwisha kunywa nusu kikombe. Aliwahi kupaza sauti kutoka upande wake wa ukuta, "Bi, wali!" na mke wangu akakimbia jikoni akakuta ukoko ndio kwanza unashika. Tulicheka sana siku hizo. Sasa nikiikumbuka pua ya Mwalimu sicheki, na nitasema kwa nini, ila si kwa haraka, maana si haki kumkumbuka mtu kwa siku yake mbaya peke yake.

Alikuwa mtu wa bara, wa upande wa mlimani, aliyeletwa kisiwani kwetu Amu kufundisha kemia akasahau kuondoka. Mkewe alikufa mapema. Alikuwa na binti mmoja tu, na Mwalimu alimwita binti huyo Mami, kwa kuwa kwao mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake, na baba humwita mwanawe kana kwamba anamwita mamake. Mami alikulia pande mbili za ukuta wetu. Alilala kwa babake, akala kwetu. Mke wangu ndiye aliyemsuka, aliyemfundisha kukuna nazi na kujifunga leso, na mimi aliniita Ami, kama wanavyoniita watoto wa ndugu yangu.

Duka langu ni la mipira ya maji, mifereji ya kufungulia maji, gundi na misumari, kwenye kichochoro cha nyuma ya mji. Mwalimu alikuja akanunua mpira mwembamba wa kuonyesha ndani, vibano, na mfereji mmoja wa shaba. Nilijua anatengeneza chujio, kwa kuwa maji ya kisima chake yalikuwa ya chumvi, nikamhurumia nikampunguzia bei. Siku aliponiita nikaone kazi ya mikono yake, nilikuta friji kuukuu iliyotobolewa mlango, na mfereji wangu umechomoza katikati kama kitovu. Ndani mlikuwa na pipa la chuma, na mtungi wa gesi, ile gesi ya kutia soda povu. Akavuta mfereji. Ikatoka bia.

"Audhubillahi, Mwalimu!" nikasema. "Na mimi nimekupunguzia bei!"

"Basi na dhambi yako imepungua, Bwana," akajibu, akaifunga friji taratibu kama anayemfunika mtoto.

Sikumsemesha siku mbili tatu. Halafu nikarudi, maana ukuta ni mmoja na kinyongo hakina pa kukaa.

Sijapata kuionja bia yake na sitaionja, lakini namna ilivyopikwa naijua kuliko wengi walioinywa. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni, upepo ukinipitia mgongoni, nikimtazama. Alichemsha kimea cha shayiri kwenye sufuria kubwa ya harusi. Akatia maua makavu ya uchungu, ambayo aliagiza mbali na kuyahifadhi kama dawa. Akapoza, akatia hamira, akaifungia yote ndani ya ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko kikombe kidogo cha maji cha kutolea hewa. Kikombe hicho kilicheua mchana kutwa. Mwalimu aliweza kusahihisha madaftari akikisikiliza, na kikipunguza mwendo aliinua kichwa.

Lakini zaidi ya yote alikuwa akiosha. Aliosha ndoo, akaosha mpira, akaosha mfereji, akaosha kijiko cha kukorogea, akaosha mikono iliyoosha kijiko. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe watia udhu kuliko mimi." Akanijibu kwamba kupika pombe ni kuosha, na kwamba anayependa kunywa bila kupenda kuosha aende akanywe kwa wengine. Alikuwa na neno lake moja, alilisema darasani, alilisema dukani kwangu, alilisema hata msibani: "Chenye sukari ukikiacha na joto, kitajipikia chenyewe. Hakingoji ruhusa yako." Kwa ajili hiyo stima ikikatika, Mwalimu hakukaa. Utamwona anateremka kichochoroni na ndoo, mbio, kwenda kutafuta barafu kwa wavuvi, suruali kaikunja magotini na miwani inamtoka. Watu wakimpisha wakicheka: Mwalimu ana mgonjwa leo.

Mtungi wa gesi nao ulikuwa na kisa chake. Ulipokwisha, aliupeleka Mombasa kwa basi ukajazwe. Siku moja ulishushwa bandarini, na wapagazi, wakiuona mtungi mrefu na mzee wa watu akiushika kwa mikono miwili, wakadhani ni hewa ya hospitali. Wakampigia kelele kila mtu. "Pisheni ndia! Pisheni, mtu yuwafa!" Punda akasogezwa, mwenye mkokoteni wa maembe akasogezwa, mama mmoja akainua mikono kuomba dua. Mwalimu hakujua afanye nini. Alitembea nyuma ya mtungi wake kainamisha kichwa, mpaka nyumbani, na hakunywa wiki ile. Aliniambia kwamba gesi ile imeombewa dua ya mgonjwa, hawezi kuigeuza iwe ya bia.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuchanganya mambo. Alipika pombe na aliwachukia walevi. Jumamosi jioni walikuja wenzake wa bara, walimu, karani mmoja wa ofisi za serikali, askari mmoja asiye zamu, wakapata gilasi mbili mbili, kisha mfereji ukafungwa na komeo likatiwa. Ukibisha, unaonyeshwa ukuta na kuambiwa, "Upande wa pili kuna watoto wanasoma Kurani." Hakuuza hata tone. "Kuuza ni biashara," alisema, "kumimina ni adabu." Ramadhani ikiandama alichomoa friji, akaosha kila kitu, akaweka vitabu ndani ya pipa. Mwezi mzima hakula mchana mahali pa kuonekana, na magharibi alitupitishia sahani ya maembe juu ya ukuta. Alikuwa anakwenda kanisani Jumapili kwa kuchelewa na kutoka mapema. Wanafunzi wake hakuwapiga, lakini wakikosea aliwanusa vichwa na kusema, "Humu pameungua kitu," na nadhani wangependelea kiboko.

Nilimwuliza mara nyingi kwa nini anajitesa hivyo, na chupa za bia zinauzwa wazi kwenye hoteli za wageni. Alizidi kuosha. Mpaka siku moja Mami alipofaulu mtihani wake wa kidato cha nne, Mwalimu akafurahi, na furaha ilimlegeza ulimi.

"Kwetu, Bwana," akasema, "binti akiposwa, babake anaweka pombe mbele ya watu wote. Iwe imepikwa nyumbani kwake. Anamwita binti, anamwuliza: Tunywe? Binti akisema ndiyo, tunywe, anaonja, kisha anampa baba kwa mkono wake. Hapo ndipo baba amempa mume. Kabla ya hapo ni maneno tu."

"Na asipotaka?"

"Pombe inamwagwa chini. Kila mtu anarudi kwao."

Akatazama friji yake. "Ya kununua haiwezi kuuliza swali hilo. Na mamake hayupo wa kuipika. Kwa hiyo nimejifunza."

Basi kumbe mambo yote yale, kuchemsha na kuosha na kukimbilia barafu, yalikuwa mazoezi. Mzee yule alikuwa akijifunza kuuliza swali moja. Toka siku hiyo sikumtania tena kuhusu mfereji, au nilimtania kidogo tu.

Mami akapendana na kijana wa Faza, mwendo wa boti kutoka kwetu, fundi wa injini. Kijana mzuri, mwenye haya, aliyekuwa akija dukani kwangu kununua mipira. Mami akasilimu. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa amekula futari yetu tangu ana meno ya utoto. Alikwenda mwenyewe kumwambia babake, na ukuta wetu si mzito, nilisikia.

"Mungu wako sikukuchagulia, na mume sikukuchagulia," Mwalimu alisema. "Lakini nitakuulizaje swali, Mami? Utaonja nini?"

"Baba, siwezi kuionja. Niulize bila hiyo."

"Bila hiyo nakuuliza kwa nini? Kwa hewa?"

"Niulize kwa mdomo, Baba. Ntakujibu."

Hakumwuliza. Nilisikia maji yanamwagika, Mwalimu anaosha kitu kilichokuwa safi tayari. Siku ya nikaha hakutoka ndani. Baba asiye Mwislamu hawezi kumwoza binti yake, kwa hiyo kadhi ndiye aliyesimama mahali pake. Jioni nilimpelekea sahani ya pilau nikamkuta amekaa gizani mbele ya friji.

"Nani aliulizwa?" akaniuliza.

"Kadhi, Mwalimu. Ndiyo sharia."

"Kadhi alimlisha uji?"

Niliweka pilau chini nikatoka, na nililia njiani, mtu mzima na ndevu zangu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Ikapita miaka. Mami alikuja kwetu kila Idi. Alikaa ukumbini na mke wangu akazungumza kwa sauti kuliko inavyohitajika, na sote tulijua anazungumza na ukuta. Upande wa pili hapakusikika hata kijiko. Akishakwenda, Mwalimu alinijia akisimama mlangoni, akivuta hewa, na kuniambia, "Leo alitia iliki nyingi." Hilo tu. Wenzake wa Jumamosi walipungua, mmoja akahamishwa, mwingine akaacha pombe, na Mwalimu akastaafu. Kila mtu alidhani sasa atarudi kwao mlimani. Hakurudi.

Siku moja akaja dukani, akaniambia anataka mpira mpya na mfereji mpya, na mfereji uwe wa rangi nyingine.

"Wa nini?"

"Wa tangawizi." Akaegemea kaunta. "Tangawizi, ndimu, sukari, maji, na gesi juu yake. Bila hamira. Itatoa povu kama ile nyingine, lakini mtoto wa Kiislamu anaweza kuinywa. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Na pipa?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Lile la zamani lilikuwa na pombe."

Nilikwenda kwa Maalim wetu wa madrasa, nikamwuliza. Akasema chombo kikioshwa vyema kimetwahirika, hakina neno. Nikamletea Mwalimu jibu hilo kwa furaha. Akalisikiliza lote, akashukuru, kisha akaagiza pipa jipya kutoka Mombasa. "Maalim wako amesema kweli," akaniambia, "lakini sitaki anywe huku anafikiria." Lile la zamani alilitoa uani, likawa la kupandia mrehani. Kwenye pipa jipya na mpira wake alifunga utepe wa kijani, na mfereji nilimtafutia wa kijani vilevile, ili hata kipofu ajue. Alijaribu tangawizi ile kwangu mpaka nikaumwa tumbo. Kali mno, tamu mno, baridi haitoshi. Mwisho akaipata. Wallahi ilikuwa kinywaji. Iliuma kooni, kisha ikasamehe.

"Sasa mwambie," akasema. "Mwambie namwita. Swali ni lilelile, nimebadilisha kilicho ndani ya gilasi tu."

Nilimpigia Mami simu palepale, nikiwa nimesimama mbele ya friji. Akasema, akilia na kucheka, "Mwambie nakuya, Ami. Mfungo ukisha, nakuya."

Mwalimu akajaza pipa siku za mwisho za Ramadhani. Siku ya pili yake alianguka uani, karibu na mrehani. Ni kiharusi. Tulimtoa kwa boti hadi bara, kutoka hapo gari ya wagonjwa, Mombasa. Mpwa wake akaja kumwuguza huko, akafunga nyumba na kuondoka na ufunguo, ndivyo ilivyostahili. Alikaa hospitali wiki baada ya wiki, na Mami akaambiwa angoje arudishwe nyumbani. Nyumba ikakaa kimya upande wa pili wa ukuta, na katika muda huo umeme wa kulipia kabla ukaisha ndani ya mita yake. Hakuna aliyejua. Mpwa alipomrudisha, alinunua umeme, taa zikawaka, friji ikanguruma, na kila kitu kikawa baridi tena kana kwamba hakukuwa na kitu.

Mwalimu aliyerudi alikuwa nusu. Upande wa kulia umekufa, ulimi umekufa. Akili ilikuwapo, uliiona machoni. Na pua ilikuwapo. Nilipoinama kumsalimu alivuta hewa kidogo, kama zamani, na upande mmoja wa uso ukatabasamu. Kitanda chake tulikiweka ukumbini, akitazama friji, kwa kuwa kila tulipomgeuza upande mwingine alinung'unika.

Mami akaja asubuhi, na buibui lake jipya. Nilimfungulia mlango nikabaki mimi barazani, kwa kuwa yale hayakuwa yangu. Nilisikia akimwambia, "Baba, nimekuya." Nikasikia mfereji ukivutwa, na ile sauti ya povu. Nikasikia akipiga magoti. "Baba, niulize. Huwezi kusema, nayua. Niulize kwa mato, nitazame tu. Mimi ntakujibu."

Halafu nikasikia gilasi inavunjika.

Mami akatoka uso umemwiva. "Amemwaga, Ami," akasema. "Nimeikaribisha mdomoni, akanipiga mkono akamwaga. Amemwaga chini." Alijua maana yake. Alilelewa na mtu yule, alijua pombe ikimwagwa ni nini. Nilimwambia ngoja, mwanangu, ngoja. Alijifunika uso kwa ukaya wa buibui akashika kichochoro cha pwani, na mimi miguu yangu si ya kumkimbilia mtu.

Nikaingia ndani nimejaa hasira. Nilikuwa nimeshaanza kusema, "Mwalimu, hata leo?" Alikuwa anatoa sauti moja, mm, mm, na mkono wake mzima unakwenda kwenye mfereji wa kijani, unarudi mlangoni, unakwenda kwenye mfereji. Machozi yanaingia masikioni. Nikachukua kitambaa, nikainama kupangusa sakafu. Hapo ndipo harufu iliponifikia.

Nimekaa kwenye kiti kile cha mlangoni miaka mingi. Naijua harufu ile kama harufu ya duka langu. Tangawizi ilikuwa imekaa na sukari yake na joto la Amu ndani ya friji iliyozimika, na haikungoja ruhusa ya mtu. Ilikuwa pombe. Baridi, ina povu, inapendeza machoni, na mwanawe alikuwa anaipeleka mdomoni mbele yake, naye hana ulimi wa kusema usinywe.

"Nimeyua, Mwalimu," nikamwambia. "Nimeinusa. Nimeyua. Ntamwambia."

Akafumba macho.

Simu ya Mami haikupatikana mpaka boti ilipofika Faza. Nilimweleza mara mbili. "Imegeuka yenyewe, mwanangu, stima ilikatika. Hakukukataa. Amekuzuia usinywe haramu." Akauliza, "Alinusa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Baba'angu," na simu ikakatika au akaikata.

Akarudi kesho yake kwa boti ya kwanza. Alikuwa na chupa ya chai, ya tangawizi aliyoichemsha yeye mwenyewe alfajiri jikoni kwa mavyaa wake. Lakini asubuhi ile Mwalimu hakuwa ameamka. Daktari alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Alisema damu imeingia tena kichwani, na kwamba ni suala la saa, au siku. Mami aliketi kitandani. Alimimina kwenye gilasi moja ya zile za Jumamosi, mvuke ukapanda, akaishika karibu na pua ya babake, muda mrefu, huku na huku, kama unavyomwonyesha mtoto ua. Mimi nilimtazama Mwalimu puani. Nilitazama kwa kila nilicho nacho. Sikuona kitu.

"Ndiyo, Baba," Mami akasema. "Tunywe."

Akaonja. Kisha akachovya kidole, akamlowesha midomo, na gilasi yenye iliyobaki akaiweka kwenye kigoda upande wa mkono wake mzima, mahali ambapo angeweza kuifikia.